Konsuli asiyelipwa mshahara: ni sawa au ni kufungulia rushwa?

Mjukuu wa Nahodha: Wadau, Marekani ile changa iliniacha hoi. Sheria ya 1790 ilimpa Rais dola 40,000 kwa mwaka kwa mambo yote ya nje, balozi asizidi 9,000, katibu wake 1,350. Halafu 1792 wakaamua makonsuli, wale wawakilishi wao wa bandarini, wasilipwe kabisa, isipokuwa wa Barbary, pwani ya Afrika Kaskazini, Moroko na Algiers huko. Wengine waishi kwa ada, dola 2 kwa kila hati wakigonga muhuri, na biashara ruksa. Mimi naita hiyo rushwa halali.

Bi Shangani: Rushwa gani, nchi ilikuwa na madeni ya vita mpaka shingoni! Hata hiyo 9,000 haikutosha, Jefferson alipokuwa balozi kule Paris, kabla hata ya sheria hiyo, alipanga nyumba, akanunua fanicha na farasi kwa kukopa, akabaki kuandikia Congress barua za kuomba gharama za kuanzia.

Mjukuu wa Nahodha: Basi si ndo maana kazi ikawa ya matajiri tu? Tazama Unguja. Richard Waters kaja 1837 kutoka Salem, Marekani, konsuli na mfanyabiashara humohumo, kashirikiana na Jairam Shivji aliyekodi forodha ya Sultani, yaani anamlipa Sultani halafu ushuru anakusanya yeye. Sasa nahodha wa kampuni nyingine ya Marekani akizungushwa pale forodhani, shehena imekwama, anashtaki kwa nani? Kwa Waters huyohuyo! Na wazee wetu wakavalishwa merikani, ile nguo ya pamba ya Marekani.

Kaka wa Mwembetanga: Ngoja ngoja. Wakavalishwa na nani? Wazee wetu walikuwa wateja, tena wachaguzi, nguo ikiwa nyepesi hawaitaki. Usiwafanye watoto.

Mjukuu wa Nahodha: Sijasema watoto, usinilishe maneno.

Kaka wa Mwembetanga: Umesema wamevalishwa! Meli iitwayo Sultana ilitoka hapahapa na karafuu na pembe, 1840 ikatia nanga New York na mjumbe wa Sultani, Ahmad bin Na'aman, ikarudi na marobota ya hiyohiyo merikani. Aliyefuata mzigo mpaka kwa mwenyewe unamwambia kavalishwa?

Bi Shangani: Mzigo wa Sultani ule kaka, si wa mpagazi wa Bagamoyo. Ila tuliulizwa mshahara jamani, na 1856 si walipanga mishahara, hata ya makonsuli, na mabalozi wa London na Paris dola 17,500?

Mjukuu wa Nahodha: Miaka 64 baadaye! Waters keshaondoka zake kitambo na faida yake mfukoni.

Kaka wa Mwembetanga: Neno "wakavalishwa" hujalifuta bado.