Ukoo: Zuhura yuko Lisbon

Zuhura: Asalaam alaykum ukoo. Nishaamka Lisbon, nimefika jana usiku wa manane na kesho alfajiri narudi Manchester zamu yangu yaanza jioni, kwa hivyo msinipigie simu nitaandika nikipata nafasi

Khala Rukia: Waalaykum salaam mwanangu. Lisbon ndio wapi tena

Mundhir: Ureno khala. Kwa kina Vasco da Gama

Khala Rukia: Yule alokuja Mombasa 1498 akaondoka na maneno yake akakimbilia Malindi? Mwambie hatujamsahau

Zuhura: 😂😂 kaburi lake liko hapa hapa, mtaa wa Belém ndani ya kanisa, na ndio nilotaka kuanza nalo. Sasa sikizeni yalonikuta. Nimepanda treni Cais do Sodré, ile ya Cascais, nikakaa upande wa maji najipiga picha zangu, mara naiona Belém hiyooo yapita dirishani na treni haina hata habari ya kusimama!! kumbe kuna za kila stesheni na kuna za haraka, na mie nimerukia ya haraka sikusoma kibao. Nimekuja kushuka Carcavelos

Fatu: weye na treni hamuwezani 🤣

Zuhura: Lakini kheri, maana Carcavelos ni pwani khasa. Mchanga mpana, bahari ya Atlantiki iko wazi mbele yako, watoto wamelalia mbao wanangoja mawimbi. Nikavua viatu nikatia miguu. Lo! Jua lawaka la utosi na maji baridi kama ndoo ya barafu ya muuza samaki

Khala Rukia: Hukuoga? Umekwenda pwani umerudi mkavu?

Zuhura: Khala hadi vifundoni tu, na hapo nililia

Khala Rukia: Mtoto wa Kibokoni 🙄

(baadaye)

Zuhura: Haya nimerudi na ya kila stesheni. Nimeingia. Foleni ilikuwa ndefu nusura niahirishe. Kaburi liko karibu na mlango, la mawe, kachongwa amelala chali mikono ameikutanisha kifuani, na ubavuni kuna jahazi limechongwa na matanga yake yote. Watu wapiga picha wapita. Nimesimama pale nikaona haya peke yangu, sijui nimuombee sijui nimnunie

Mundhir: Huyo alifia Cochin India 1524, mifupa ndiyo ilorudishwa baadaye

Khala Rukia: Mnunie. Sisi ngome yao tunayo mpaka leo, wenyewe walitolewa 1698

Fatu: khala una kinyongo cha miaka 500

Zuhura: Halafu nje kuna kibao kimeandikwa IGREJA nikacheka mwenyewe njiani. Ni kanisa. Ndiko lilikotoka neno letu gereza!

Fatu: kanisa likawa gereza vipi tena jamani

Mundhir: Kwa Wareno kanisa lilikuwa ndani ya ngome, na Fort Jesus yenyewe Muingereza akaja akaifanya jela. Jina likabaki linazunguka humo humo

Fatu: sawa profesa. Zuhura umekula nini??

Zuhura: Vile vikeki vya mayai, pastel de nata, vya moto vimeungua juu, unanyunyiza mdalasini. Kuna duka hapa wanavioka tangu 1837. Nimekula 3

Khala Rukia: Uliuliza mafuta gani?

Zuhura: Niliuliza khala, siagi

Khala Rukia: Uliuliza kwa lugha gani

Zuhura: ...kwa vidole

Zuhura: Mchana lakini nilikwenda Mouraria, mtaa wa Wabangladeshi, maduka ya halali yamejaa, nimekula wali na kuku. Huko nyuma kwingine nilikaa mkahawa mmoja wakaniletea mkate na zaituni kabla sijaagiza kitu, nikasema mashallah wakarimu, nimekula zote, na bili ilipokuja zaituni nazo zimo! Kumbe hapa ukigusa umenunua, hutaki warudishia

Fatu: ukarimu wa Ureno 😭😭

Zuhura: Na miguu yangu imekwisha. Mji wote vilima, njia ni vijiwe vyeupe vidogo vidogo vimesuguliwa vikawa kama sabuni, na mie na sapatu zangu za bei rahisi. Ile tramu ya njano namba 28 imepita mara mbili imejaa watu hadi mlangoni. Nikapanda kwa miguu hadi juu

Zuhura: Ila huko juu ndiko nlikopata cha safari. Ami Salim uko? Ami hii ni yako

Fatu: ami yuko barazani Unguja, hashiki simu hadi magharibi

Zuhura: Bustani moja, meza ya mawe, wazee wanne wanacheza karata. Ami kofi zile zile! Mtu ananyanyua karata juu anaibamiza mezani pwaa, mwenzake anatukana, wa pembeni wasiocheza ndio wanaojua zaidi. Nikasimama. Mzee mmoja akanionyesha za mkononi mwake moja moja ananitajia, copas, ouros, espadas, paus. Nywele zikanisimama

Ami Salim: Kopa, uru, shupaza, pao.

Fatu: KAAMKA 😂

Ami Salim: Nipo nasoma tokea asubuhi. Na turufu wanaitaje

Zuhura: Trunfo

Ami Salim: Allahu akbar. Saba ina nguvu au haina?

Zuhura: Ina nguvu ami! Saba iko chini ya ree tu, inampiga hata mfalme. Ree pointi 11, saba 10, mfalme 4, ghulamu 3, bibi 2. Ukifika 61 umeshinda

Ami Salim: Mzungu wa nne, mzungu wa tatu, mzungu wa pili. Nimecheza miaka 50 nikidhani wanaitwa hivyo kwa kupangwa tu. Kumbe ni hesabu yao. Na 61 ndo mchezo wetu wa wahedi wa sitini huo huo

Mundhir: Subiri, sasa kwa nini wa tatu ni ghulamu na bibi ni wa pili? Ghulamu amshinde bibi?

Ami Salim: Usiulize, ndo mchezo.

Khala Rukia: Bibi siku zote anashindwa kwenye michezo ya wanaume wa baraza

Zuhura: Basi simu ya mzee mmoja ikalia akaondoka, wenzake wakanivuta nikae nimshikie. Hatuna neno moja la kuongea ila zile za karata, na nikacheza

Ami Salim: Ukashinda?

Zuhura: Tulifika 52

Ami Salim: Ilikuwaje? Eleza taratibu.

Zuhura: Nilikuwa na saba ya kopa na kopa ndiyo turufu. Nikaona niitoe nimalize kazi. Yule wa kulia kwangu akaipiga na ree

Ami Salim: Ree ilikuwa haijatoka?

Zuhura: Haijatoka

Ami Salim: Ree haijatoka na wewe unatoa saba???

Zuhura: Ami nalala, teksi yaja saa 10 alfajiri

Ami Salim: Zuhura.

Ami Salim: Ree HAIJATOKA.