Mama wa askari, tupeane uzoefu: mlikaaje mtoto alipokwenda vitani?

Mama zangu, dada zangu, naanza mimi. Mwanangu wa kwanza ana mwaka wa sita jeshini. Watu hunipongeza eti nimelitolea taifa mtoto. Sikutoa mtu! Alibeba begi akaondoka, akanipigia yuko depo tayari. Taarifa ya habari nimeacha kusikiliza, maana wakitaja askari watatu wameuawa bila majina, hadi kunakucha wote watatu ni wangu. Wenzangu mliwezaje?

MAMA MAPACHA: Pole dada. Mimi iliniuma ile fomu ya ndugu wa karibu. Mwanangu alipooa akaandika jina la mkewe, ni haki yake. Alipojeruhiwa, habari nikazipata siku ya pili, tena kwa jirani. Nilimnunia mkwe wangu miezi, kumbe maskini alikuwa wodini hata kula hajala. Siku hizi tumekubaliana, atakayepigiwa kwanza ampigie mwenzake kabla hajaanza kulia. Yazungumzeni mapema haya.

KOMBATI: Mbona mnaongea kama askari wote ni wanaume? Mimi nina miaka tisa kazini. Norwe tangu 2015 sheria ya kuitwa jeshini inawahusu wasichana sawasawa na wavulana. Siku naaga, mama aliniuliza swali moja tu: "Nani atakusuka huko?" Nilikasirika. Nikaja kumwelewa usiku mmoja handakini, wiki ya tatu sijaguswa na mtu.

MZEE WA KONA: Na sisi baba je?

MAMA MAPACHA: Fungua uzi wako mzee, tutakuja.

BIBI WA WANNE: Wengine hawakungoja nyumbani. Israeli mwaka 1997 helikopta mbili zilizobeba askari wa kwenda Lebanoni ziligongana, wakafa 73. Wanawake wanne wenye watoto jeshini wakaanza kusimama barabarani na mabango, jeshi litoke Lebanoni. Walibezwa sana. Mei 2000 likatoka. Sisemi ni wao peke yao, ila walichangia. Na vita vya Chechnya, kina mama wa Kirusi walifunga safari hadi huko huko kutafuta wana wao, wapo waliorudi nao. Mimi na magoti haya nisingefika.

MWANZISHA UZI: Mama Mapacha, nimekusoma nikashika simu. Mchumba wa mwanangu kumbe hata namba yangu hana. Sasa anayo.