Gumzo la ukoo wa Bumbuli: madoa kwenye ua la Zaina

*Jumamosi*

Zaina: Assalaam alaykum nyote, shikamooni wakubwa. Msishtuke, hakuna mgonjwa, ni habari ya ua. Lile nililonunua hapa Hannover, Ujerumani, la maua ya zambarau na majani yenye manyoya, wanaloliita African violet, limetoka madoa ya kahawia. Natuma picha.

*[picha 3]*

Mama Mdogo: Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Huo ukungu huo. Nyanya zangu masika zinatoka madoa kama hayo, napulizia dawa yanakoma. Tafuta duka la pembejeo.

Salimu: Au jua, dada? Si umeliweka dirishani?

Zaina: Dirishani ndiyo, lakini jua la Januari huku halichomi hata karatasi.

Mjomba Hassani: Waalaykum salaam wote. Dawa isubiri kwanza, Mama Mdogo. Zaina, ua hilo ni letu, huku msitu wa Amani, milima ya Usambara, linaota kwenye mawe ya kivulini kando ya vijito. Nijibu haya. Madoa yako upande wa juu wa jani au wa chini? Yana umbo gani? Ukiyagusa ni makavu au yanateleza? Na katikati, pale majani machanga yanapochipukia, pakoje?

Zaina: Marahaba kwa kunisaidia mjomba, yaani shikamoo 🙏 Yako juu tu. Mengine ni kama pete, mengine michirizi imefuata mteremko wa jani. Makavu. Katikati pazima kabisa, na kuna vitumba vya maua.

Mjomba Hassani: Marahaba mwanangu. Sasa inua jani la juu, utazame lile lililofunikwa chini yake.

Zaina: Subhanallah. Sehemu iliyofunikwa ni safi. Doa linaishia pale pale kivuli cha jani la juu kinapoanzia.

Mjomba Hassani: Unalimwagiliaje?

Zaina: Nakinga maji bombani kwa kikombe, namwaga juu. Hapa yanatoka yakiuma vidole. Ndani hita inawaka, kipimo kinasoma nyuzi 22.

Mjomba Hassani: Basi ni maji ya baridi. Ungekuwa ugonjwa, usingechagua kukaa pale tu tone lilipodondokea. Jani lina joto la chumba, tone la baridi linatua, manyoya yanalishika lisitiririke. Jani likipoa ghafla kwa nyuzi 8 hivi au zaidi, chembechembe za kijani zilizo chini ya ngozi ya juu ya jani zinaharibika. Kwanza pale panapauka na kuwa manjano, baadaye kahawia. Pete inatokea pale ukingo wa tone ulipokuwa.

Salimu: Samahani mjomba, mbona huko Amani mvua inalinyeshea na haliungui?

Mjomba Hassani: Swali la maana hilo. Msituni jani lenyewe ni la baridi. Liko chini ya miti mikubwa, hewa ina ubaridi, na mvua inayolifikia imekwisha kupita kwenye majani ya juu. Joto la mvua na la jani havipishani sana. Kinachoumiza ni mshtuko wa joto. Chumba chenye hita na bomba la kipupwe ni vitu viwili ambavyo ua hili halikuwahi kukutana navyo kwao.

Mama Mdogo: Kwa hiyo dawa haina kazi hata kidogo? Mimi bado naogopa ukungu.

Mjomba Hassani: Una haki ya kuogopa, dada yangu, magonjwa yapo. Ukungu wa ua hili mara nyingi huja kama unga mweupe juu ya majani na maua. Bakteria huleta doa la majimaji, laini, linalopanuka siku hadi siku. Na kuoza kwa shina unakujua hivi: majani yanalegea kama ya ua lenye kiu ilhali udongo umelowa, na katikati panageuka rangi na kuwa laini. Hapo ndipo tungehangaika kweli. La Zaina halina hata kimoja. Akipulizia dawa iliyochanganywa na maji ya bomba atajiongezea madoa.

Salimu: Dada, si ujaribu? Chukua jani moja lililokwisha kuharibika. Upande mmoja weka matone ya bombani, upande wa pili matone ya maji yaliyolala chumbani. Uangalie kesho.

Mjomba Hassani: Fanya hivyo. Ila usilipeleke kwenye mwanga mkali, tusije tukachanganya sababu mbili.

*Jumapili*

Zaina: Njooni muone.

*[picha 1]*

Zaina: Upande wa maji ya bomba una pete zilizopauka. Upande wa pili hauna kitu.

Salimu: Yametosha hayo 👏

Mama Mdogo: Haya, nimeamini. Na yale madoa ya zamani yatapona?

Mjomba Hassani: Hayaponi. Lakini jani lingali linafanya kazi ya kulilisha ua, kwa hiyo Zaina usinyofoe yote. Toa yale yaliyokauka tu, yaliyobaki yatapisha majani mapya. Kuanzia leo jaza jagi jioni, liache chumbani usiku kucha, ndipo umwagilie. Na usimwage juu. Weka maji kwenye kisahani chini ya chungu, yapande yenyewe kwa nusu saa, yaliyobaki uyamwage, maana ua hili likikaa miguu majini linaoza. Gusa udongo kabla ya kuongeza: juu pakiwa pakavu, mpe. Vumbi litoe kwa brashi laini, usifute kwa kitambaa kilicholowa. Na majani yasiguse kioo cha dirisha wakati wa baridi.

Zaina: Nimeandika yote. Nami niwape habari: jina lake la kwanza la kisayansi lilitolewa na mtu wa hapa hapa Hannover! Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen, mwaka 1893. Mmea ulitoka huko kwetu enzi za Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire akampelekea baba yake Ujerumani. Sasa linauzwa hadi kwenye maduka ya vyakula.

Mjomba Hassani: Linauzwa dunia nzima, na kwao linapungua. Msitu ukikatwa, jua linafika kwenye yale mawe na ua linakauka, halina pa kukimbilia. Inaniuma sana. Nawaomba wote mlio humu, mtu akija Amani asing'oe hata moja. La kununua linazaa kwa jani tu: kata jani na kikonyo chake, chomeka kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, miche inatoka chini yake.

Zaina: Nitawaoteshea majirani.

Mama Mdogo: Kaka, na langu je? Lipo barazani, maji ya Tanga si baridi. Lina kahawia, lakini kwenye vikonyo, pale vinapolalia ukingo wa chungu cha udongo.

Mjomba Hassani: Ukingo una ukoko mweupe?

Mama Mdogo: Unao. Nilidhani chokaa.

Mjomba Hassani: Ni chumvi ya mbolea na ya maji. Chungu cha udongo kinainyonya na kuitoa ukingoni, kikonyo kikilala hapo kinaungua. Sugua ukoko utoke, punguza mbolea, na mara moja kwa mwezi mimina maji mengi juu ya udongo bila kulowesha majani, yatokee chini yaondoke na chumvi. Halafu paka ukingo nta.

Mama Mdogo: Nta ya mshumaa wa kawaida inafaa?

Mjomba Hassani: Inafaa. Toa ua kwanza, kausha chungu juani, paka nta iliyoyeyuka, na ipoe kabisa kabla hujarudishia.