Nimepata nafasi ya MBA Uingereza, mama anataka kuweka nyumba rehani. Nishaurini

Mwana wa Chumbageni

Habari za usiku wadau. Naomba mawazo yenu maana kichwa kimejaa na nyumbani kila mtu ana lake.

Nina miaka 29, nafanya kazi kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, huu mwaka wa sita, mkononi napata milioni moja na laki nne. Mwezi uliopita nimepata nafasi ya kusoma MBA (masters ya biashara) Uingereza, siyo London, mwaka mmoja tu, kuanza Septemba 2026. Ada pauni 24,500 na wanataka dipoziti pauni 5,000 kabla ya mwisho wa mwezi ujao ndio wanipe ile CAS, uthibitisho wa chuo wa kuombea viza.

Hela yangu mwenyewe niliyodunduliza ni milioni 17, yaani dipoziti peke yake inaimaliza. Mjomba wangu yuko Muscat miaka mingi, ameahidi rial 5,000 na amesema hata stetimenti ya akaunti yake atanitumia nikaonyeshe ubalozini. Zinazobaki kuna benki imekubali kunipa milioni 60 kwa riba ya asilimia 16 miaka mitano, ila wanataka dhamana ya nyumba, na nyumba iliyopo ni ya nyumbani Tanga, aliyojenga marehemu baba. Mama mwenyewe ndiye anayenisukuma, anasema baba yako alijenga kwa ajili yenu, ukasome mwanangu. Mimi ndio moyo unasita. Nikifika kule si nitafanya kazi huku nasoma nalipa taratibu? Waliopita njia hii naombeni mniambie ukweli hata kama unauma.

Baridi ya Coventry

Mdogo wangu hongera kwanza, kupata nafasi siyo kitu kidogo. Mimi nimemaliza masters huku miaka miwili iliyopita kwa hiyo nakupa ninachokijua kwa kukipitia.

Anza na hiyo stetimenti ya mjomba, iweke pembeni kabisa. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza wanakubali hela iliyo kwenye akaunti yako wewe, au ya mzazi wako (hapo unaambatanisha cheti cha kuzaliwa na barua yake ya kukubali), au mlezi anayetambulika kisheria, au mwenza. Mjomba, shangazi, baba mdogo, kaka, hao hawamo. Sisi kwetu mjomba ni mzazi na anaweza kukusomesha toka la kwanza mpaka chuo lakini kwenye fomu yao hana nafasi, nimeona watu watatu wamenyimwa viza kwa hili hili na wote walikuwa na hela kweli. Marekani ni tofauti, kule mjomba anaruhusiwa kukudhamini kwa barua na karatasi za benki, ndio maana watu wanachanganya. Kwa hiyo kama mjomba amekusudia kweli atume hizo rial ziingie kwenye akaunti yako mapema, na aandike barua kwamba amekupa, siyo amekukopesha.

Alafu zikishaingia zinatakiwa zikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Hata siku moja nasema. Mwenzangu mmoja siku ya 19 alitoa kidogo tu akalipia kipimo cha TB, salio likapungua chini ya kiwango, wakamnyima, na hela ya maombi ya viza hairudi. Na hiyo stetimenti ikifika siku unayolipia maombi isiwe imepitisha siku 31.

Kiwango chenyewe hiki hapa. Ada iliyobaki ukishatoa dipoziti ni 19,500. Hela ya kujikimu nje ya London toka Novemba 2025 ni pauni 1,171 kwa mwezi mara miezi 9, inakuja 10,539. Jumla unatakiwa uonyeshe pauni 30,039, kwa bei ya pauni sasa hivi ni kama milioni mia moja, na hapo dipoziti ulishailipa nje ya hiyo. Ongeza viza yenyewe, ilikuwa 524 mwaka 2025, na ile ya afya ambayo ni 776 kwa mwaka ila kozi ya mwaka mmoja viza inatoka ya miezi kama 16 kwa hiyo wanakukata mwaka na nusu, 1,164. Tiketi bado, koti bado. Ukijumlisha zako zote, za mjomba na za benki utaona hazifiki, zinapelea kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachofanya watu wakope kwa watu wa riba za mtaani wiki ya mwisho.

Kuhusu kazi: unaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kima cha chini kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa mtu wa umri wako, saa 20 ilikuwa pauni 244 kwa wiki, hapo hujalipa chumba, hujala. Wengi wetu tulifanya kazi za kutunza wazee na za maghala, ni kazi za halali na sizidharau, lakini MBA ina kazi za vikundi kila siku na mtu akitoka zamu ya usiku anaingia darasani analala. Hiyo hela ya kujikimu wanayokudai ndiyo unayokula kweli, siyo ya kuonyesha tu.

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Mwanangu mimi sijasoma Ulaya ila nyumba naijua. Umesema nyumba aliyojenga marehemu baba. Swali langu moja tu, mirathi ilifunguliwa? Kama hati bado ina jina la marehemu basi hiyo nyumba siyo ya mama peke yake kuitoa rehani hata akitaka vipi, ni ya warithi wote na yeye akiwemo kwa fungu lake. Benki yenyewe itakuambia uteuliwe msimamizi wa mirathi mahakamani na ndugu zako wote watie saini. Una dada zako? Umewauliza? Au mmekaa wewe na mama tu jikoni mkaamua?

Nasema hivi kwa sababu kwetu ilitokea. Kaka yangu alichukua mkopo kwa nyumba ya wazazi, siyo wa masomo, wa biashara ya magari, na wala hakuwa mtu mbaya, alikuwa na nia safi kabisa kama yako. Biashara ikakwama bandarini miezi minne. Barua za benki zikawa zinakuja mama anaziweka chini ya godoro hataki sisi tujue. Siku tuliyojua ni siku watu walipokuja na rangi kuandika ukutani. Mama yetu alimalizia uzee wake chumba cha uani kwangu, nilimtunza kwa roho yangu yote lakini kila asubuhi alikuwa anauliza mwembe wake umezaa. Mwanangu mama anayesema chukua nyumba anasema kwa mapenzi, hajapiga hesabu. Hesabu ni kazi yako wewe.

Mwana wa Chumbageni

Bi Mkubwa umenigusa sana, shikamoo. Mirathi haijafunguliwa, hati ina jina la baba. Tuko wanne, dada zangu wawili wameolewa na mdogo wetu yuko kidato cha tano. Kwa kweli dada zangu sijawaambia, mama alisema nisubiri.

Baridi ya Coventry asante sana, hilo la mjomba nilikuwa silijui kabisa na wakala aliyenifanyia maombi hakuniambia. Swali, kama nikitumia mkopo bila nyumba, kwa mshahara tu?

Wanjiku wa Sacco

Sasa ndugu, niko Nairobi. Mimi ni mtu wa hesabu kazini kwa hivyo wacha nikupigie hiyo ya benki yako kwanza halafu uamue. Milioni 60 za kwenu, asilimia 16, miaka mitano, kama riba inahesabiwa kwa deni linalobaki: kila mwezi unalipa kama milioni moja na laki nne na elfu sitini. Hiyo ni zaidi ya mshahara wako wote. Kwa miaka mitano umerudisha zaidi ya milioni 87. Na uliza benki swali moja, malipo ya kwanza ni lini? Maanake mkopo wa kawaida wa benki huanza kukatwa mwezi unaofuata, hausubiri umalize shule. Wewe utakuwa umeacha kazi, uko kwa baridi, na deni limeanza kabla hata hujafanya mtihani wa kwanza. Ukilipa kutoka kule ni karibu pauni 440 kila mwezi, na kwa hiyo kazi ya saa 20, kwa kima cha 2025, unapata kama 1,050 kwa mwezi mzima. Toa rent uone kama unabaki na kitu.

Kitu ingine watu hawaongei ni hii mambo ya kubadilisha pesa. Unakopa kwa shilingi unalipa ada kwa pauni, na ada hailipwi siku moja, wengine hugawa mara tatu. Kwetu dola ilikuwa kama shilingi 110 katikati ya 2021, Januari 2024 ikagonga 160. Ndugu yangu alikuwa Marekani amechukua mkopo wa dola kwa kampuni zile hukopesha wanafunzi wa nje bila mdhamini. Akirudi nyumbani kulipwa shilingi, ile installment ilikuwa imepanda karibu nusu na yeye hajakopa hata senti zaidi. Hao wakopeshaji si wabaya, kwa mtu atakayebaki kule akilipwa dola inaweza kuwa sawa kabisa. Lakini kama mpango wako ni kurudi Dar bandarini, usikope kwa pesa ambayo hutalipwa nayo.

Mimi nilifanya MBA yangu hapa hapa jioni nikitoka kazini, nikachukua loan ya sacco mara tatu ya akiba yangu, guarantors ni wafanyakazi wenzangu, ada kwa shilingi, mshahara ukiendelea kuingia. Haikuwa Uingereza, sawa, lakini nililala kila usiku.

Kijana wa Leipzig

Habari kaka. Niko Ujerumani, natokea Moshi. Naongezea upande wa huku kwa sababu naona wengi wanaona Uingereza na Marekani tu.

Huku hela ya kuonyesha inawekwa kwenye akaunti maalum iliyofungwa, euro 11,904 kwa mwaka, ukifika wanakufungulia 992 kila mwezi. Uzuri wake hapa ni kwamba mjomba wako wa Muscat anaweza kuiweka yeye moja kwa moja, hakuna anayeuliza undugu kama kule. Vyuo vingi vya serikali havina ada, unalipa mchango mdogo wa muhula, ila mkoa wa Baden-Württemberg wanatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Munich kile chuo cha ufundi nacho kimeanza kutoza na ni zaidi ya hapo. Lakini angalia sana neno MBA. MBA huku mara nyingi inalipiwa hata chuo cha serikali kwa sababu wanaihesabu kama mafunzo ya watu walio kazini. Isiyo na ada ni masters ya kawaida ya menejimenti, na hiyo wanataka digrii yako ya kwanza iwe ya fani hiyo hiyo.

Pia kuna DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wana ufadhili unaitwa EPOS kwa watu wa nchi zinazoendelea wenye uzoefu wa kazi angalau miaka miwili na digrii isiyozidi miaka sita. Hapa Leipzig kuna MBA inaitwa SEPT ya biashara ndogo na za kati, iko kwenye ule mpango. Kwa miaka yako sita kazini angalia haraka tarehe ya cheti chako isije ikapitwa. Na bima ya afya, ile nafuu ya wanafunzi inaishia ukifika miaka 30, mimi niliikosa kwa miezi michache na ninalipa zaidi kila mwezi mpaka leo. Umri wako ndio ulionifanya niandike haya.

Baridi ya Coventry

Naunga mkono wote. Narudi kwa swali lako la mkopo wa mshahara: ukiacha kazi mshahara haupo, mkopo wa mshahara unabaki na nini?

Na msihesabu sana ile viza ya kubaki huku baada ya masomo. Anayeanza Septemba 2026 akimaliza ataomba mwaka 2027, na kwa wanaoomba toka Januari 2027 muda umepunguzwa toka miaka miwili kuwa miezi 18. Ndani ya hapo upate mwajiri wa kukulipa angalau pauni 33,400 kama mtu anayeanza, ndio akudhamini viza ya kazi. Wapo wanaopata. Wengi niliosoma nao walirudi na wengine wako kwenye maghala bado.

Ushauri wangu wa kutoka moyoni: usilipe dipoziti mwezi ujao. Waandikie chuo uombe kusogeza mpaka Septemba 2027, wengi wanakubali ukiomba kwa maandishi. Kisha Agosti hii dirisha la Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, linafunguliwa, hufungwa mwanzoni mwa Oktoba, wewe una uzoefu wa kutosha, wanataka miaka miwili tu. MBA wanalipa ada mpaka pauni 22,000, kwa hiyo kwa chuo chako utaongeza 2,500 tu na hiyo unayo mfukoni sasa hivi bila kumgusa mama. Sharti lao ni urudi nyumbani miaka miwili, na wewe kazi yako iko bandarini, siyo sharti gumu kwako. Andika insha kuhusu mizigo, kuhusu unachokiona pale getini kila siku, usiandike maneno makubwa ya uongozi.

Mwana wa Chumbageni

Nimesoma yote mara mbili, nimekaa nje mpaka sasa hivi. Nimeangalia cheti changu, kina miaka sita na miezi miwili, kwa hiyo ya Leipzig imenipita, imeniuma lakini basi. Barua ya kusogeza nimeshaiandika naituma asubuhi. Mjomba nimemtumia ujumbe asitume kitu kwanza.

Kesho jioni nawapigia dada zangu wote wawili kwa pamoja, na mama awepo. Bi Mkubwa, kufungua mirathi Tanga mtu anaanzia wapi, mahakama ya mwanzo au kwa kadhi kwanza?

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Anzeni na kikao cha ukoo mwanangu, muandike muhtasari wa nani mmemchagua awe msimamizi, wote mtie saini, na mchukue cheti cha kifo. Kwa shekhe mtapigiwa mafungu ya kila mrithi, lakini barua ya usimamizi inatoka mahakama ya mwanzo. Na huyo mdogo wenu wa kidato cha tano naye mumkalishe pale, asije akaambiwa baadaye.