Dracula ya BBC: tumeuziwa mbuzi kwenye gunia

Ndugu wanajukwaa,

Naomba radhi mapema kwa wale ambao bado hawajaitazama, kwa sababu malalamiko yangu yanahusu mwisho wa hadithi na siwezi kuyaeleza bila kuutaja mwisho huo. Asiyetaka kupunguziwa utamu aishie hapa.

Nimemaliza kuitazama Dracula ya Mark Gatiss na Steven Moffat, ile iliyorushwa na BBC kwa siku tatu mfululizo, tarehe 1, 2 na 3 Januari 2020, kisha ikaingia Netflix. Nimechelewa kuifikia, najua, lakini hasira yangu ni mbichi. Tamthilia iliyo mbovu tangu mwanzo haimkasirishi mtu, unaizima, unalala. Hii ina sehemu tatu tu, kila moja ya takribani dakika 90, na mbili za kwanza zilinifanya niamini kwamba nimekutana na kazi ya watu wanaojua wanachokifanya. Hapo ndipo ilipo dhuluma yenyewe.

Niseme kwanza kilichonivuta, maana bila hicho hamtanielewa. Tunaanzia katika nyumba ya watawa nchini Hungaria, mwaka 1897. Jonathan Harker, wakili kijana wa Kiingereza, ameketi mezani akiwa amenyonyoka nywele, ngozi imejaa vidonda, macho yamedidimia, na mtawa aitwaye Sista Agatha anamhoji kuhusu siku alizokaa katika ngome ya Dracula huko Transylvania. Inzi anatua usoni mwa Harker, anatembea juu ya mboni ya jicho lake, na yule bwana hapepesi wala hashtuki. Kamera inamsogelea inzi hadi unajikuta unayafikicha macho yako mwenyewe. Kabla hata hujamwona mnyonya damu, umeshajua kwamba mtu huyu hayumo tena katika hesabu ya walio hai.

Kisha anakuja Dracula mwenyewe, anayeigizwa na Claes Bang, mwigizaji wa Denmark. Mwanzoni ni mzee aliyekauka, anayezungumza Kiingereza cha kuungaunga. Kadiri siku zinavyopita anazidi kuwa kijana na Kiingereza chake kinanyooka, huku mgeni wake akinyauka, kwa sababu pamoja na damu anakunywa pia lugha, elimu na tabia za mtu aliye ndani ya damu hiyo. Wazo hilo peke yake lingetosha kubeba tamthilia nzima. Maana yake ni kwamba huyu bwana hawezi kunywa kutoka kwa yeyote tu. Anachagua watu kwa jinsi anavyotaka yeye mwenyewe awe, na ndiyo sababu anaitamani Uingereza.

Lakini aliyenifunga kabisa ni Sista Agatha, anayeigizwa na Dolly Wells, na ambaye baadaye tunagundua kwamba jina lake la ukoo ni Van Helsing. Ni mtawa anayeuliza maswali kama mpelelezi na asiyekubali jibu kwa sababu tu limezoeleka. Anataka kujua kwa nini kiumbe chenye nguvu kiasi hicho kinaogopa vipande viwili vya mbao vilivyopishana, kwa nini hakiingii mahali mpaka kikaribishwe, kwa nini kinalikimbia jua. Dracula anapofika kwenye lango la watawa akiwa katika umbo la mbwa mwitu, anaichana ile ngozi kwa ndani na kutoka akiwa uchi, ametapakaa damu, na Agatha anasimama mbele yake akimcheka, kwa sababu anajua kwamba hawezi kuvuka. Sijapata kuona mnyonya damu akidhalilishwa hivyo, wala sijapata kuona kanuni ya zamani ikitumiwa kwa akili hivyo.

Hata jina la sehemu hiyo ya kwanza linahusu kanuni za mnyama huyo. Sasa naomba tukubaliane jambo moja: hakuna aliyewalazimisha waandishi kuliuliza swali hilo. Babu na bibi zetu wa Nairobi, Kampala na kwingineko wakati wa ukoloni walisimuliana habari za mumiani na za wazimamoto waliodaiwa kukamata watu usiku na kuwatoa damu, habari ambazo mwanahistoria Luise White alizikusanya akaziandikia kitabu kilichotoka mwaka 2000, na hakuna msimuliaji aliyejali kueleza damu ile inafanya kazi gani hasa. Hofu ilisimama bila maelezo, kwa kuwa kila aliyesikiliza aliijua dola inayoweza kumchukua mtu usiku bila kuulizwa na yeyote. Hadithi ya mnyonya damu haidaiwi ufafanuzi. Ila ukishasimama mbele ya watu ukawaahidi kwamba utawafafanulia, deni ni lako.

Sehemu ya pili sina ugomvi nayo. Katika riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, safari ya meli ya Demeter kutoka Varna hadi Whitby inachukua kurasa chache za kumbukumbu za nahodha. Hapa imepanuliwa ikawa hadithi kamili ya mauaji baharini, abiria wanapungua mmoja mmoja huku Dracula, naye abiria, akijifanya kusaidia kumtafuta muuaji. Inachekesha na inatisha kwa pamoja. Mwishoni meli inalipuliwa, jamaa anazama na kasha lake, kisha anatembea kutoka chini ya bahari hadi ufukweni na kumulikwa na taa za helikopta na magari. Miaka 123 imepita. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni.

Basi ikaja sehemu ya tatu.

Dracula anakamatwa na taasisi yenye walinzi wenye silaha na chumba cha vioo, taasisi ambayo kazi yake ni kumsubiri kiumbe huyu huyu mmoja. Wanampa kishikwambi. Anaingia kwenye intaneti, anampigia wakili kwa video, wakili (anayeigizwa na Gatiss mwenyewe) anakuja kudai haki za mteja wake, na wanamwachia. Narudia: wanamwachia. Kiumbe aliyemaliza watawa wa nyumba nzima na abiria wa meli anatoka mlangoni kwa sababu ya hoja ya wakili, na baada ya hapo ile taasisi inapotea kwenye hadithi kana kwamba haikuwahi kujengwa. Msimuliaji wa kibanda umiza akikuletea kituko cha namna hiyo, watu watadai kiingilio chao.

Najua kuna watakaonijibu kwamba sipendi mambo ya kisasa, na kwamba ningetaka mishumaa na mabuibui ya ngome hadi mwisho. Sivyo hata kidogo. Stoker mwenyewe alikuwa anaandika kuhusu siku zake: Mina anapiga taipu, Daktari Seward anarekodi shajara yake kwa fonografia, ratiba za treni zinatumika kumwinda adui, na Lucy anaongezewa damu ya wanaume wanne, mmoja baada ya mwingine, wakati ambapo tiba hiyo ilikuwa bado ya kubahatisha. Usasa umo ndani ya kitabu kile tangu ukurasa wa kwanza, na wahusika wake wanautumia kama silaha. Ninachokilalamikia ni kwamba hapa usasa umegeuzwa mzaha. Dracula ana simu, anamwandikia msichana ujumbe, anakaa kwenye nyumba ya ghorofani, haya tucheke. Yule kiumbe aliyekuwa anakunywa lugha na elimu za watu amefika katika karne yenye elimu nyingi kuliko zote, na kinachomshughulisha ni kumtongoza msichana.

Nakuja kwa msichana huyo, Lucy Westenra, maana yeye ndiye anayeniuma zaidi. Lydia West amemwigiza vizuri kuliko hadithi ilivyostahili. Ni kijana mzuri wa sura aliyechoka kutazamwa, asiyekiogopa kifo, anayempa Dracula damu yake kama mtu anayetafuta kiburudisho cha usiku. Wanakutana makaburini na anasikilizishwa wafu wanaogonga ndani ya majeneza yao, wale ambao hawakufa vizuri na hakuna wa kuwafungulia. Mbele ya mtu asiyeogopa kufa, Dracula kwa mara ya kwanza anaonekana mwanafunzi. Hapo palikuwa na tamthilia nzima! Badala yake, Lucy anakufa, anawekwa kwenye tanuru la kuchomea maiti akiwa na fahamu zake, na tunasikia anavyopiga kelele ndani. Kisha anatoka akiwa mkaa mtupu, anatembea hadi kwa Dracula akiamini bado ni mrembo, anajipiga picha kwa simu, anauona uso wake ulivyo na kuomba auawe. Jack, kijana aliyekuwa akimpenda kimyakimya, anammaliza.

Dakika chache tu, mtu mzima mwenye mawazo yake ametupwa. Amekuwa mfano wa msichana aliyejivunia sura yake akaadhibiwa kwenye sura hiyohiyo. Waandishi waliotuletea Agatha, mwanamke mwenye akili kuliko kila mwanamume kwenye hadithi, wamefikaje hapa?

Tufike kwenye deni sasa. Zoe Van Helsing, mtu wa ukoo wa Agatha katika karne yetu, naye akiigizwa na Dolly Wells, ana saratani, na kwa hiyo damu yake ni sumu kwa Dracula. Anakunywa damu ya Dracula na kupitia damu hiyo Agatha anaanza kusema ndani yake, jambo ambalo nalikubali, kwa kuwa linafuata kanuni waliyotuwekea tangu ngomeni. Kisha analivuta pazia, jua linammwagikia Dracula mwili mzima, na hakuna kinachotokea. Haungui. Anaelezwa, nasi tunaelezwa, kwamba jua halikuwahi kumdhuru. Alitoka katika ukoo wa mashujaa waliokufa vitani, yeye akawa mwoga asiyeweza kukikabili kifo, na aibu hiyo ndiyo iliyomfanya aukimbie msalaba, akikimbie kioo, asubiri kukaribishwa. Kanuni zote zilikuwa kichwani mwake tu. Baada ya hotuba hiyo anakunywa damu ya Zoe yenye sumu na wote wawili wanafariki wakiwa wamekumbatiana ndani ya ndoto, kwenye mwanga wa rangi ya dhahabu.

Hilo ndilo jibu tulilongojea.

Kwanza, halina jipya wanalodhani linalo. Katika riwaya ya Stoker, Dracula anatembea mchana; Jonathan na Mina wanamwona London, Piccadilly, wakati wa mchana, na anachopungukiwa ni baadhi ya uwezo wake tu. Jua kumuua mnyonya damu ni jambo lililoingizwa na filamu bubu ya Kijerumani ya mwaka 1922, Nosferatu, ambamo kiumbe anayeyuka asubuhi inapoingia. Kwa hiyo wametufungulia kwa mbwembwe siri ambayo msomaji wa kitabu cha 1897 hakuwahi kufichwa.

Pili, jibu lenyewe halifiki kote. Kama kioo kinamwonyesha Dracula hofu yake, mbona kinamdanganya Lucy, ambaye tumeambiwa kwa nguvu zote kwamba hana hofu? Kama haya yote ni tabia ya mtu mmoja aliyejizoesha vibaya kwa mamia ya miaka, kwa nini tulipotezewa muda na mtawa msomi aliyetafuta kanuni inayomfunga mnyama? Na lile neno la aibu linachomekwa mwishoni kabisa, katika mazungumzo ya dakika chache, bila tukio lolote la nyuma ambalo mtazamaji angeweza kulirudia akasema, kumbe ilikuwa wazi muda wote. Mwisho wa kushtua unakubalika pale tu unapoifanya hadithi iliyopita ionekane bora zaidi. Huu unairudia sehemu ya kwanza na kuipunguza, kwa sababu kila nilichokiogopa pale langoni sasa naambiwa kilikuwa ugonjwa wa mawazo.

Kitu pekee cha mradi huu kilichotimiza ahadi yake ni tangazo. Uingereza waliweka bango jeupe lililochomekwa vigingi vya mbao, mchana lilionekana takataka, na usiku taa ilipowaka kwa pembeni, vivuli vya vigingi vilichora uso wa Dracula. Aliyebuni bango lile alijua kwamba kila kigingi lazima kiwe na kazi. Angepewa na sehemu ya tatu aiandike.

Kwa ambaye hajaanza, ushauri wangu ni kutazama sehemu mbili za kwanza kwa moyo mkunjufu na kuzima meli inapolipuka. Na nyinyi mlioitazama yote na ambao najua mtakuja hapa kuutetea mwisho kwamba ni wa kishairi, nawaomba mniwekee maelezo ya jambo moja tu: ikiwa jua halikuwa na nguvu, na msalaba ulikuwa aibu tupu, ni kitu gani hasa kilichomshika Dracula pale langoni, mwenye njaa, uchi, mbele ya mwanamke anayemcheka usoni, mpaka alipopata wa kumkaribisha?