Naomba ushauri: kuhamisha majina ya fildi kutoka Access kwenda Excel na Word

Wakuu, habari za majukumu. Nimekwama kidogo.

Nina databesi ya Access ya stoo, niliyoikuta kazini. Jedwali kuu lina fildi (yaani safu za data) 87 na bosi anataka orodha yake kwenye Word: jina la fildi, aina ya data na yale maelezo mafupi yaliyoandikwa pembeni. Data yenyewe haitaki.

Nilianza pale panaposanifiwa jedwali. Nikachagua mistari yote, nikanakili, nikaenda Excel kubandika: hakuna kitu. Jina moja moja linakubali, lakini mara 87, na majedwali mengine 11 yanasubiri, hapana kwa kweli.

Nikafungua jedwali lenyewe, nikanakili rekodi moja na kuibandika Excel. Hapo vichwa vilikuja, nikavigeuza kutoka mlalo kuwa wima. Kumbe aliyetengeneza aliweka vichwa vya kuonyesha, kwa hiyo nimepata "Tarehe ya Kupokea" wakati jina halisi ni TrhPok. Aina ya data na maelezo ndiyo hayakuja kabisa.

Ile ripoti ya Access ya kuorodhesha sifa za jedwali nayo nimeijaribu. Ikanimwagia kurasa kibao!

Maswali yangu: kuna njia ya kupata vitu hivyo vitatu tu bila kuandika kodi? Na kama lazima VBA (lugha ya kuandikia kodi ndani ya Access na Excel), kodi ya kupitia majedwali yote 12 kwa mkupuo inaandikwaje? VBA naijua kwa kuombea maji tu.