Twin Peaks: nianzie wapi, na msimu wa pili niuruke au nivumilie?

Kisiki_Kavu (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Jamaa yangu kanijazia flashi Twin Peaks yote, ile tamthilia ya Marekani ya kumsaka muuaji wa binti Laura Palmer: vipindi 30 vya 1990 na 1991, filamu ya 1992, na vile 18 vya 2017. Sasa kila ninayemuuliza ana njia yake. Wa kwanza anasema fuata mpangilio uliorushwa. Wa pili anasema ukishamjua muuaji, ruka mpaka mwisho. Wa tatu anasema anza na filamu, maana ndiyo inayoonyesha siku saba za mwisho za Laura Palmer. Nina likizo ya wiki mbili tu, na mke wangu keshatangaza hakai sebuleni kama ni "mambo ya majini". Nishaurini. Atakayenitajia muuaji namshtaki kwa moda.

Bint_Shangani
Mimi nilikuwa masomoni Uingereza BBC2 ilipoanza kuirusha, Oktoba 1990. Bwenini kulikuwa na televisheni moja, kiti ukikiacha umekipoteza. Tulikuwa Waunguja watatu na kijana mmoja wa Mombasa, na yule wa Mombasa aliapa muuaji ni daktari Jacoby, yule mwenye miwani jicho moja jekundu jingine buluu. Wiki nzima tunabishana, jikoni, kwenye foleni ya kufua, hata kwenye basi. Kipindi chenyewe kilikuwa chini ya saa moja, lakini tuliishi nacho siku saba.
Kwa hiyo ushauri wangu si wa mpangilio. Ni wa mwendo. Usimeze vinne usiku mmoja. Ukifanya hivyo kisa utakijua, lakini tulichokipata sisi hutokipata.

Mkata_Mkaa
Dada, yeye ana wiki mbili, hana miaka miwili 😂
Mkuu, ruka. Waundaji wake, David Lynch na Mark Frost, hawakutaka kufumbua kitendawili mapema, televisheni ya ABC ikawabana. Tarehe 10 Novemba 1990 muuaji akaoneshwa, kipindi cha 15 ukihesabu tangu mwanzo. Cha 17 kinalifunga suala. Baada ya hapo waandishi hawakujua wawapeleke wapi wale watu. James, mpenzi wa siri wa Laura, kapanda pikipiki kaenda kunaswa na mke wa tajiri mji mwingine, hadithi ambayo mpaka leo sijakutana na mtu anayeipenda. Nadine, mwanamke mtu mzima, bado anajiona mwanafunzi wa sekondari. Juu ya hayo walikuwa wameihamishia Jumamosi usiku, wakati vijana waliokuwa wakiitazama wako matembezini.
Tazama 17, kisha rukia cha mwisho, ambacho Lynch alirudi kukiongoza mwenyewe. Kile ni moto.

Nyuki_wa_Tabora
Napinga. Cha mwisho bila vya katikati ni sawa na kuingia msibani humjui marehemu. Windom Earle ni nani? Annie ni nani, na kwa nini Cooper, mpelelezi wa FBI, yuko tayari kumfuata kule kwenye mapazia mekundu? Yote hayo yamo ndani ya vile unavyomwambia aruke. Utamkosa pia wakala Denise, aliyechezwa na David Duchovny kabla hajawa maarufu, na Meja Briggs, ambaye kwangu ndiye mtu mwema kuliko wote pale.
Hadithi ya James naikubali, hiyo sogeza mbele bila aibu.
Na huyo wa kuanza na filamu mkimbie. Mle ndani Annie anamtokea Laura kitandani na kumpa ujumbe kuhusu Cooper. Anayeanza na filamu hajui hata Annie ni nani.

Kisiki_Kavu
@Nyuki hapo umenishika. Filamu imetoka kwenye orodha ya mwanzo.

Ras_Makini
Kabla hujaanza, kagua kipindi cha kwanza kwenye flashi yako ni kipi. Viko viwili. Walipokipiga, waliongeza mwisho wa kufunga kesi ili kiuzwe Ulaya kama filamu inayojitegemea. Ukikuta muuaji anapigwa risasi palepale, una hicho. Zima.
Cha ajabu ni kwamba sehemu ya ule mwisho ndiyo iliyogeuka ndoto ya Cooper ya chumba chekundu kwenye kipindi cha tatu. Waigizaji walijifunza kuyatamka maneno yao kinyumenyume, kisha mkanda ukachezwa kinyume. Ndiyo maana unayasikia ni maneno ya watu lakini mwili unakataa.
Halafu BOB, yule pepo mbaya wa tamthilia. Frank Silva hakuwa mwigizaji pale, alikuwa mpanga vyombo vya seti. Lynch akamwambia achuchumae nyuma ya kitanda cha Laura, wakampiga picha bila kujua wataitumia wapi. Baadaye wakapiga tukio la mama yake Laura anainuka ghafla, mpiga kamera akasema limeharibika, kuna mtu kwenye kioo. Ni Silva. Lynch akafurahi. Ndipo akapata jinamizi lake.

Msafiri_wa_Mvua
Niko Seattle, nimeenda mara tatu. Palipopigwa ni Snoqualmie na North Bend, hata saa nzima ya gari haifiki. Yale maporomoko ya mwanzo yapo, mita 82, na hoteli juu yake. Mgahawa wa pai upo pia. Mara ya kwanza nilikwenda Novemba. Mvua nyembamba, ukungu umekatia misonobari kiunoni, nikaagiza pai ya cheri na kahawa nyeusi kama mshamba mwingine yeyote. Pai tamu kupita kiasi. Kahawa nikamaliza.
Kibao cha mji kwenye tamthilia kinasema watu 51,201. Watu elfu hamsini na kila mmoja anajua siri ya mwenzie! Hapo hata mimi nacheka.

Otieno_wa_Usiku
Wadau mmeisahau ya 2017, na kwangu ndiyo bora. Boss, usiiendee ukimtafuta Cooper wa pai na samaki ndani ya birika la kahawa. Utakasirika. Nilikasirika. Kisha ikaja sehemu ya 8, jaribio la bomu la nyuklia New Mexico, Julai 1945, kamera inaingia ndani ya lile wingu na haitoki. Nilibaki nimeshika rimoti.
Halafu kuna Catherine Coulson, aliyemcheza yule mama anayetembea na gogo mikononi. Alifariki Septemba 2015, siku chache baada ya kupiga matukio yake. Unapomwona pale, amedhoofika na mrija wa oksijeni puani, anaaga kwa simu, unajua hiyo si kuigiza tu. Lakini ile simu haikuumi kama hukukaa naye 1990. Kwa hiyo niko na Bint Shangani.

Mkata_Mkaa
Sawa, nimezidiwa kura. Ila James aruke.

Bint_Shangani
James aruke 😂 wala sina ubishi.

Kisiki_Kavu
Mrejesho. Jana usiku nimetazama cha kwanza, nilichonacho ni kile sahihi, asante @Ras. Nilipofika pale mama yake Laura anaongea na mumewe kwenye simu, sherifu anaingia hotelini, baba anaelewa kabla hajaambiwa, mkonga unamponyoka. Kamera inashuka polepole na waya mpaka chini, na upande wa pili mama analia kwa sauti.
Mke wangu alikuwa mlangoni na kikapu cha nguo, sikujua kasimama pale tangu lini. Kauliza, "Huyo binti wamemfanya nini?" Nikamwambia si alisema hatazami. Kaweka kikapu chini.
Leo saa mbili usiku tunaendelea. Kimoja tu.